Mtoto hana kimeo, ana mafua

Nimeadimika kwa wiki tatu. Wapo waliodhani nimehama gazeti, na yupo rafiki yangu mmoja, namjua, aliyeeneza kwamba nimekwenda kuoa kimya kimya. Hakuna hata moja. Nilikuwa nyumbani Kilwa nikihesabu pumzi za mtoto.

Nitaeleza, lakini naomba mniwie radhi mapema maana leo sina siasa. Waliozoea kuja hapa kutafuta nani kamsema nani bungeni, warudi wiki ijayo.

Nilichukua likizo ya siku kumi nikapanda basi la kusini. Nilikuwa na mafua. Mafua ya kawaida tu, yale ambayo ofisini kwetu tulikuwa tunaambukizana kama kalamu. Ndani ya basi walikohoa watu wengine wasiopungua kumi, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi ya asubuhi, na mpaka tunafika Nangurukuru kila mmoja alikuwa amepata fungu lake. Kijijini kwetu si mbali na hapo. Nilipofika nikamkuta dada yangu barazani na mwanawe wa kiume wa miezi saba, mpwa wangu ambaye nilikuwa nimemwona mara moja tu tangu azaliwe. Nikamnyakua, nikambusu mashavuni, nikambusu mikono, kama wajomba wote wafanyavyo. Siku mbili baadaye mtoto akaanza kupiga chafya.

Sasa siwezi kuthibitisha kwamba mimi ndiye niliyemletea. Mtoto mkubwa wa dada naye alikuwa anavuta kamasi za kutoka shule. Lakini nilikuwa mgeni mwenye mafua, nikambeba mtoto bila hata kunawa mikono. Mwenye akili na apige hesabu mwenyewe.

Mafua yalianza na kamasi nyepesi kama maji. Usiku ule ule mwili ukawa wa moto. Kesho yake kikaja kikohozi, kile cha watoto wadogo kinachowatikisa mwili mzima mpaka machozi yanawatoka, na kila akitaka kunyonya pua imeziba, anaacha titi, analia, anakohoa, anatapika kidogo alichopata. Waliowahi kulala nyumba moja na mtoto wa namna hiyo wanajua kwamba hakuna anayelala.

Asubuhi baraza ikakaa. Kwetu mtoto akiugua hawi wa mama yake peke yake, anakuwa wa kitongoji. Jirani mmoja akasema hiyo ni malaria, apewe mseto. Mwingine akasema ni kifua, anunuliwe dawa ya kikohozi na antibaiotiki. Shemeji yangu, ambaye alikuwa Songo Songo kwenye uvuvi, akasema kwa simu, "Mnunulieni dawa yoyote, nitatuma hela." Bibi yetu alinyamaza muda mrefu. Akamwomba dada amfungue mtoto mdomo wakati analia, akachungulia, kisha akasema neno moja.

"Kimeo."

Kwa wasomaji wasio wa pwani: kimeo, wengine wanakiita kilimi, ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma kabisa kooni. Kila binadamu anacho. Lakini katika sehemu nyingi za nchi hii kimegeuzwa kuwa ugonjwa. Mtoto akikohoa sana, akikataa kunyonya, akitapika, husemwa kimeo chake kimerefuka kinagusa ulimi, na tiba yake ni kukikata. Yupo mtu wa kazi hiyo, anaitwa, anakuja na kifaa chake, mtoto anashikwa miguu na mikono, na mambo yanamalizika kwa dakika mbili.

Msidhani namcheka bibi. Bibi yangu alizika watoto wawili. Mmoja alifariki kwa kifua mwaka ule wa kuhamishiwa vijijini, 1974, wakati familia inalala chini ya makuti mabichi na hakuna zahanati ya kukimbilia. Hiyo "kimeo" ya bibi ilitoka kwenye hofu ya mtu ambaye aliwahi kusubiri na kusubiri kukamponza. Mimi niliyesoma chuo kikuu kwa mkopo wa serikali sina haki ya kumfundisha uchungu wa mwana. Ila nilikuwa na haki ya kubisha, na nilibisha.

Hapa niwape siri ya taaluma yetu. Waandishi wa habari tunahudhuria semina nyingi za afya, na ukweli ni kwamba wengi wetu tunakwenda kwa ajili ya posho na chakula cha mchana. Nami nilikwenda hivyo hivyo. Lakini katika moja ya semina hizo nilirudi na kijitabu kuhusu udhibiti wa magonjwa ya watoto, ule utaratibu ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo duniani kuanza kuutumia, mwaka 1996. Nilikuwa nakitumia kijitabu kile kuegemeza simu nikiangalia mpira. Bahati yangu picha za kurasa zake mbili zilikuwa kwenye simu, nilizipiga siku moja kwa ajili ya makala ambayo sikuiandika.

Kurasa zile zinasema jambo ambalo sikulitegemea kutoka kwa madaktari. Kumbe kwa mtoto anayekohoa swali la kwanza ni anapumua mara ngapi kwa dakika, kabla hata ya kuuliza apewe dawa gani. Aliye chini ya miezi miwili akifikisha 60, anapumua haraka. Wa miezi miwili mpaka mwaka mmoja, 50. Wa mwaka mmoja mpaka miaka mitano, 40. Unamtazama tumbo likipanda na kushuka, ametulia, halii, na unahesabu dakika nzima bila kukatisha. Kisha unatazama kama nyama za chini ya mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi. Na zipo dalili ambazo ukiziona huulizi tena, unakimbia: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ametikisika kwa degedege, amelegea haamki.

Nikahesabu. Arobaini na nne. Nikarudia. Arobaini na sita. Dada akaniuliza, "Sasa ndiyo nini?" Nikamwambia ndiyo twende zahanati kwa miguu yetu, bado hatujafika pa kukimbia.

Pale zahanati tabibu, kijana kuliko mimi, alimchoma mtoto kidole akampima malaria kwa kile kipimo cha haraka. Hilo la kupima halina mjadala Kilwa. Mkoa wa Lindi bado una malaria nyingi, na mtoto anaweza kuwa na mafua na malaria kwa wakati mmoja. Hakukuwa na malaria. Akamhesabu pumzi naye, akamsikiliza kifua, akamtazama masikio, akatazama kadi ya kliniki kuona kama chanjo zimekamilika. Akasema ni homa ya virusi, itapanda siku tatu nne kisha itashuka, kikohozi kinaweza kuendelea wiki mbili. Akatupa paracetamol ya maji kwa kadiri ya uzito wa mtoto, kilo nane: kijiko kimoja cha mililita 5 kila baada ya saa sita ikiwa homa ipo juu, isizidi mara nne kwa siku. Anyonye mara nyingi, kidogo kidogo. Pua isafishwe. Akipumua haraka, rudini hata usiku.

Basi tukarudi nyumbani na kichupa kimoja.

Bibi alikitazama kile kichupa, akatutazama sisi. "Mmekwenda mbali kote huko, mmerudi na panado?"

Hapo ndipo nataka kusimama kidogo, maana kwa maoni yangu sentensi ile ya bibi ndiyo inayoendesha biashara ya dawa nchini. Watu wetu hawakubali kuambiwa kwamba ugonjwa hauna dawa ya kuuua. Ukimwambia mzazi "ni virusi, vitaondoka vyenyewe", anasikia "mtoto wako sikumtibu". Na hilo tabibu analijua. Kwa hiyo matabibu wengi, ili mzazi aondoke ameridhika, wanaandika antibaiotiki. Zisipoandikwa, mzazi anazipitia dukani njiani.

Mimi mwenyewe nimo. Mwaka jana dada alinipigia kwamba huyu mkubwa anakohoa, nikatuma shilingi elfu ishirini kwa simu nikajiona mjomba wa maana. Kwenye duka moja la dawa akauziwa chupa tatu, ya kikohozi, ya mafua, na ya antibaiotiki, bila mtoto kuguswa wala kutazamwa. Mtoto akapona baada ya siku sita. Nikashukuriwa. Laiti ningetuma hela za peremende angepona siku hiyo hiyo ya sita.

Kuna utafiti ambao ningependa kila mzazi ausikie. Mwaka 2008 watafiti waliwachukua watoto 1,005 wenye homa, wote chini ya miaka kumi, waliofika kutibiwa Dar es Salaam na Ifakara. Hawakuwapima malaria tu wakaishia hapo, waliwapima karibu kila kitu kinachopimika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida kubwa la udaktari la Marekani, New England Journal of Medicine. Asilimia 70.5 ya watoto wale walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wenye ugonjwa wa bakteria, yaani ule ambao antibaiotiki ina kazi nao, asilimia 22. Wenye vimelea kama malaria, asilimia 10.9. (Jumla inapita mia kwa sababu mtoto mmoja anaweza kubeba zaidi ya kimoja.) Zaidi ya nusu yao tatizo lilikuwa kwenye njia ya hewa: mafua, koo, kikohozi. Na kati ya hao wenye matatizo ya njia ya hewa, waliothibitika kwa picha ya eksirei kuwa na nimonia walikuwa asilimia 5 tu.

Yaani watoto wengi tunaowamiminia amoksilini tunamlenga adui ambaye hayupo. Dawa inakwenda inapiga vijidudu vilivyokaa tumboni kwa amani, mtoto anaharisha, na vile vinavyobaki vinajifunza kuishi nayo. Siku atakayougua nimonia ya kweli dawa ile ile ya bei nafuu inaweza kumgomea.

Sisi watu wa Kilwa tulipaswa kuwa wa mwisho kudanganyika na dawa. Vita vya Maji Maji vilianzia huku kwetu, milima ya Matumbi, Julai 1905, na babu zetu walipakwa maji ya kugeuza risasi kuwa maji. Hatusemi kwamba hawakuwa mashujaa. Tunasema tu kwamba risasi hazikugeuka.

Haya, turudi kwenye chupa za kikohozi. Hizi ndizo zinazonitisha zaidi. Mwaka 2022 kule Gambia watoto wapatao 70 walifariki kwa kuharibika figo, na dawa za maji za kikohozi na mafua kutoka nje ya nchi zikakutwa na kemikali za sumu zisizotakiwa kuwemo kabisa. Mwaka huo huo Indonesia nao walizika watoto wengi zaidi kwa sababu ya namna hiyo. Na hata dawa hizo zikiwa safi, kwa mtoto wa miezi saba hazina faida inayojulikana. Marekani waliwaonya wazazi tangu 2008 wasiwape walio chini ya miaka miwili. Kikohozi chenyewe kina kazi yake, kinatoa uchafu kifuani. Ukikilaza kwa dawa ya usingizi, uchafu unabaki ndani na mtoto mnono amelala, mama anafurahi.

Asali nayo, ndugu zangu wa pwani. Najua tunavyoipenda, na misitu yetu inayo nzuri. Kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja inatuliza koo, hata wataalamu wanakubali. Kwa aliye chini ya mwaka hapana, hata ya kulamba kidoleni. Inaweza kubeba mbegu za kijidudu kinachotoa sumu ya kulegeza misuli, na tumbo la mtoto mchanga haliwezi kupambana nazo. Hilo sikulijua. Nilikuwa na chupa ya asali mkobani nimewaletea.

Sasa kimeo. Nilimwuliza bibi kwa adabu zote, "Bibi, waliokatwa kimeo wote walipona?" Akasema wengi walipona, tena haraka. Nami nasema ni kweli, walipona. Mtoto akipata homa ya virusi koo lote linavimba na kuwa jekundu, na kimeo kimo humo humo, kwa hiyo ukichungulia lazima utakiona kimevimba. Kikohozi kinafika kileleni siku ya tatu, ya nne, ya tano. Wazazi huvumilia siku mbili, wanajaribu cha dukani siku mbili, halafu siku ya tano wamechoka, wanamwita mkata kimeo. Anakata. Siku ya saba mtoto anacheza. Virusi walikuwa wamekwishafunga mizigo, lakini nani aliyeonekana wa mwisho mlangoni? Mkata kimeo. Sifa ni zake, na kuku ni wake. Wakati mwingine wa mwisho mlangoni ni mwenye duka la dawa, na antibaiotiki inapata sifa hiyo hiyo kwa sababu hiyo hiyo. Mimi sioni tofauti kubwa kati yao, ila mmoja ana leseni ukutani.

Tofauti ni damu. Koo la mtoto wa miezi saba ni dogo kuliko kidole changu. Likikatwa bila ganzi kwa kifaa kilichokata wengine jana, kinachoweza kufuata ni kuvuja damu bila kukoma, damu kuingia mapafuni, pepopunda, maambukizi ya damu, hata virusi vya UKIMWI kutoka kwa mtoto wa jirani. Na mtoto ambaye tayari alikuwa hanyonyi vizuri sasa hanyonyi kabisa kwa kidonda. Waliofariki hivyo hawahesabiwi kwamba wamefariki kwa kimeo. Husemwa kimeo chake kilicheleweshwa.

Bibi hakushindwa kwa hoja zangu. Alisema tu, "Sawa mjukuu wangu, wewe umesoma. Hesabu pumzi zako. Zikizidi, mimi namwita mtu." Tukakubaliana hivyo. Nikaweka alama ya saa kwenye simu.

Usiku wa pili na wa tatu tulishikana zamu, mimi na dada. Naomba wanaume wenzangu wasome hapa taratibu. Nilikuwa sijawahi kumlea mtoto mgonjwa hata saa moja. Nilidhani ni kazi ya kukaa. Ni kuchemsha maji, kuyapoza, kutia robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe, kumdondoshea matone mawili kila tundu la pua huku anakupiga mateke, kufuta kamasi, kumpa mama anyonyeshe kabla pua haijaziba tena. Ni kumpunguzia nguo, maana bibi alimfunga khanga tatu na blanketi, na mtoto mwenye joto la 39 ukimfunga hivyo unamchoma. Ni kumpangusa kwa maji ya uvuguvugu, sio ya baridi, maana ya baridi yanamtetemesha na joto linapanda. Ni kumshika wima begani usiku wa manane ili apumue, mpaka bega linakufa ganzi. Na kila saa kuhesabu. Thelathini na nane. Arobaini na moja. Homa ikipanda, arobaini na tisa, moyo wangu unadunda kuliko wake, tunashusha homa, tunangoja nusu saa, arobaini na tatu. Dada alikuwa anaogopa degedege zaidi ya yote, alikwishaona mtoto wa jirani. Kwetu wapo wanaosema mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa, kwa hiyo wanakwenda kwanza kwa mganga na hospitali inakuwa ya mwisho. Nikamwambia ikitokea tunapanda bodaboda papo hapo, sindano au bila sindano. Haikutokea.

Alfajiri ya siku ya nne nikahesabu hamsini na sita.

Hakuwa na homa kali wakati ule. Alikuwa ametulia mno, na utulivu ule sikuupenda. Nikarudia: hamsini na nane. Nikamulika na simu chini ya mbavu. Kila akivuta pumzi, ngozi inazama ndani kama mtu anayefyonza mfuko wa nailoni. Kwenye picha ya kijitabu niliona mshale tu. Kwa mtoto unayemjua jina ni kitu kingine kabisa.

Bibi alikuwa macho. Hakutaja mkata kimeo. Alifungua fundo la khanga yake akatoa noti, akasema, "Piteni."

Tulipanda bodaboda watatu na dereva, mtoto katikati kifuani kwa dada, giza halijaisha, mpaka hospitali ya wilaya pale Kinyonga, Kivinje. Walimbana kidoleni kifaa kinachosoma oksijeni katika damu. Kikaonyesha 87. Wanataka isipungue 90. Wakamwekea mrija mdogo puani na oksijeni ikaanza kupita. Daktari akaeleza kwamba ni virusi vilevile, ila kwa watoto wa umri huu vinaweza kushuka mpaka kwenye vijirija vyembamba vya mapafu, vikavimba na kujaa ute. Kirusi kinachoongoza kwa hilo duniani ni RSV. Kwa mtu mzima kama mimi ni mafua ya siku nne za kulalamika ofisini. Kwa mtoto wa miezi saba mrija wa hewa una upana wa unyasi. Chanjo za watoto tulizonazo, ikiwemo ya nimonia iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2013, zinakinga bakteria hatari na zimeokoa wengi, lakini RSV hazimgusi. Chanjo yake kwa wajawazito iliidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2023. Lini wanawake wa Pande na Lihimalyao wataipata ni swali ambalo ningependa kumwuliza waziri siku nikipata nafasi.

Walimpa na amoksilini pia. Nilitaka kubisha, mimi na utafiti wangu, daktari akanieleza bila kukasirika: mtoto akishafika kwenye kupumua haraka na mbavu kuzama, huwezi kutofautisha kwa macho kirusi na bakteria, na kusubiri ni kumchezea. Hapo dawa ina haki yake. Niliona ni sawa. Tabibu kijana kule zahanati hakukosea kutotoa dawa siku ya pili, na daktari huyu hakukosea kuitoa siku ya nne. Katikati yao palikuwa na mtu anayehesabu.

Wala sikuacha kufikiri juu ya barabara. Sisi tulifika kwa muda mfupi. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani hii, mafuriko yalikata barabara kuu ya Lindi na Dar maeneo ya Somanga, mabasi na malori yakakwama siku kadhaa. Na wapo wa Songo Mnara na Kisiwani wanaosubiri mashua na upepo. Watalii wanaokwenda kutazama magofu huvuka kwa boti ya injini mchana wakipiga picha. Mama mwenye mtoto aliyefika hamsini na nane alfajiri anavuka na nini?

Tulikaa wodini siku tatu. Oksijeni ilitolewa siku ya pili jioni. Nilipompigia mhariri kuongeza likizo nikamweleza yote, nikamwambia nitarudi na makala. Akacheka. "Mtoto kukohoa sio habari, bwana. Leta ya gesi." Simlaumu, ndivyo tulivyofundishwa. Kilwa ikitoka gazetini ni magofu ya msikiti mkuu au gesi ya Songo Songo. Basi na tuzungumze gesi. Tangu 2004 gesi ya kisiwa kile inapita baharini, inatua Somanga, inasafiri kwa bomba mpaka Dar es Salaam kuzalisha umeme ambao ndio huu ninaoutumia kuandika. Dada yangu, aliye karibu na bomba kuliko mimi, anapika kwa kuni tatu na mafiga, ndani, maana msimu wa kusi upepo unazima moto nje. Mtoto yuko mgongoni. Moshi huo ni moja ya sababu zinazojulikana za watoto kuugua vifua na kuchelewa kupona. Nimeandika hiyo ya gesi, mhariri, umeipata?

Mpwa wangu amerudi nyumbani. Alikohoa wiki nyingine nzima, kama tulivyoambiwa, na kila akikohoa bibi alinitazama bila kusema. Dada amehamishia mafiga nyuma ya nyumba, amekinga upepo kwa bati kuukuu. Shemeji alirudi kutoka Songo Songo na changu wawili wakubwa, akanishukuru kwa dawa niliyomnunulia mtoto. Nilimweleza sikununua. Hakuelewa vizuri, akanishukuru tena.

Siku ya kuondoka nilimsalimia mtoto kwa mbali, nimenawa mikono mpaka viwiko. Bibi akanisindikiza mpaka barabarani. Basi linakaribia akaniuliza, "Ile hesabu ya mwaka mmoja ulisema ngapi? Arobaini?" Nikamwambia arobaini, bibi. Akairudia mara mbili kwa midomo, akaniambia nipande, dereva hatangoja.